Mashine Inayozimwa kwa Kuanza

Wenzangu wa kuandika wanapenda taipureta. Tukikutana kusomeana kazi zetu, hakosi mmoja wa kuisifu: mlio wake, harufu ya utepe wake, jinsi herufi inavyouma karatasi. Kisha mtu huniuliza mimi naandikia nini. Nikijibu kwamba naandikia kompyuta yenye Windows 95, kicheko kinazunguka chumba. Sifa zake mbaya wanazijua hata wale ambao hawajawahi kuigusa. Ni nzito. Inaganda katikati ya sentensi. Imejaa mapambo. Ukitaka kuizima, unabonyeza kitufe kilichoandikwa Start.

Sibishani nao, maana yote hayo nimeyaona. Lakini wao walikutana na taipureta wakiwa watu wazima, ikiwa imewekwa mezani kama ua. Mimi nililelewa nayo. Niliona ilivyovifanya vidole vya mama, na niliona watu walivyoitumia kufungiana milango.

Mama alianza kazi Malaba, kwenye veranda ya mawakala wa forodha, akipiga chapa hati za mizigo huku malori yakinguruma mbele yake yakingoja kuvuka. Baadaye alipata chumba chake mwenyewe Busia, mlango mmoja na dirisha moja, mahali ambapo waendesha boda boda walisimamisha baiskeli zao wakitafuta abiria wa kupeleka mpakani. Hapo aliandika barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba, maombi ya kupunguziwa karo. Lakini kazi iliyotulisha ilikuwa programu za mazishi.

Kwetu karatasi hiyo haikosekani. Mtu akifa, hata kama alikuwa hana mbele wala nyuma, watu wake huja kwa mpiga chapa na picha yake ya pasipoti na maelezo ya maisha yake. Huandikwa alipozaliwa, alipofanya kazi, alipougua, utaratibu wa sala, na mwishoni majina ya wote aliowaacha. Siku ya mazishi majina hayo husomwa kwa kipaza sauti, na kila anayetajwa husimama ili ukoo umwone. Wazee wanamwona, mashemeji wanamwona, majirani wanamwona. Mtoto asiyesomwa hubaki ameketi, na siku mambo ya boma yakija kuzungumzwa, watu huulizana: huyu naye tulimwona wapi?

Enzi za taipureta, mama alichapa programu kwenye stensili, karatasi ya nta ambayo herufi huitoboa. Stensili ilifungwa kwenye mashine ya kudurufu, mtu akazungusha mkono wa chuma, na nakala zikadondoka zikiwa na unyevu wa wino. Kosa dogo lilipakwa dawa nyekundu iliyonuka kama rangi ya kucha, ukangoja ikauke, ukapiga juu yake. Lakini jina zima likikosekana hakukuwa na dawa. Ilibidi uchape stensili yote upya, na vidole vya mama tayari vilikuwa vimevimba kwenye viungo, vikikunjika kwa shida asubuhi hata kushika kikombe.

Nilijua mapema kwamba si majina yote yaliyosahauliwa yalikuwa yamesahauliwa kweli. Mtu angefika amechelewa, mara nyingi mwanamke, mara nyingi amebeba mtoto, aseme kwamba na yeye ni wa marehemu. Wenye programu wangemjibu kwa upole kabisa: "Pole dada. Tungejua mapema. Lakini sasa imeshachapwa." Kisha wangemgeukia mama, na mama angeangalia vidole vyake, anyamaze. Hapo hakuna aliyemkataa mtu. Ni stensili tu ilikuwa imejaa.

Ndiyo maana siku ile kompyuta ilipoingia chumbani kwetu, nilisikia kama mtu amefungua dirisha la pili. Mama aliipata imeshatumika, kutoka kwa mradi mmoja uliokuwa umefunga ofisi yake upande wa Alupe. Ilikuwa na kisanduku cha rangi ya maziwa yaliyoganda na vumbi la watu wengine katikati ya vitufe. Tuliiwasha. Kioo kikawa cheusi muda mrefu, kisha likatokea anga la buluu lenye mawingu meupe, mawingu ya adhuhuri kabisa, ya siku ambayo nguo zitakauka. Mama alikaa akiyatazama mikono yake ikiwa mapajani. "Haya ndiyo wanasema ni mapambo?" aliuliza. Mimi niliyapenda tangu dakika ile, na sijaacha. Kabla ya kukupa kazi, mashine ile ilikuonyesha anga.

Vitufe vyake vilikuwa vyepesi. Vidole vya mama vilizama kama kwenye unga. Akikosea, kosa lilifutika bila kuacha kovu wala harufu. Akitupa kitu, kilikwenda kwenye kipipa kidogo kilichochorwa pembeni ya kioo, na akijuta alirudi akakitoa kikiwa safi. Kwa mwanamke aliyeishi miaka yake yote na dawa nyekundu, hilo lilikuwa jambo la kumfanya apumue.

Shida ilikuwa mkono wake wa kushoto. Kwenye taipureta, kila mwisho wa mstari mkono huo ulipanda na kusukuma wenzo ili gari, ile sehemu inayobeba karatasi, lirudi mwanzo. Kompyuta haina gari la kusukuma, lakini mkono haukuarifiwa. Mstari ukikaribia kwisha, ulipaa, ukapiga hewa, na mara nyingi ulipiga kikombe cha chai. Tulipoteza vikombe. Mteja mmoja aliyekuwa ameinama kuangalia kazi yake alipigwa sikio.

Nilikuwa nimejifunza kompyuta kidogo chuoni, basi nikamwambia, "Mama, huo mkono tuupe kazi nyingine. Vitufe vya kuhifadhi viko upande huohuo wa kushoto. Kila ukitaka kusukuma, bonyeza hivi viwili." Akajaribu. Mkono ulipanda, ukasita hewani kama kuku anayetafuta tagio, ukashuka ukabonyeza. Tangu siku hiyo mama alihifadhi kazi yake kila mstari. Kompyuta ilikwaruza kidogo tumboni kila mara, ikisimama kupumua, kazi ikichelewa. Yeye hakujali. "Nasukuma gari," alisema. Mazoea hayo nimeyarithi. Hata sasa, kila mstari ninaoandika, mkono wangu wa kushoto unashuka.

Aliyecheka zaidi alikuwa karani mmoja wa Malaba, rafiki wa mama wa siku za veranda. Ofisi yao ilikuwa na kompyuta ya zamani, ya skrini nyeusi na maandishi ya kijani, isiyo na kipanya wala picha. Akija Busia kwa shughuli zake alipitia kwetu kunywa chai na kuitukana mashine yetu.

"Mama, hii televisheni yako bado inaishi?"

"Inaishi. Keti."

"Hebu nielezee jambo moja. Nikitaka kuizima hii, nafanyaje?"

"Unabonyeza Start."

"Kuanza! Ndio uzime!" Angepiga paja lake. "Si mashine ya wazimu hiyo?"

"Na wewe ukitaka kwenda kwenu," mama alimjibu siku moja bila kugeuka, "si lazima uanze kwa kuinuka kwa hiyo kiti yangu?"

Karani huyo alikuwepo Alhamisi ambayo imenifanya niandike haya. Alhamisi zilikuwa siku zetu za pilikapilika, kwa kuwa mazishi mengi yaliangukia Jumamosi. Mchana alikuja mwanamume mrefu wa Bukhayo, fundi wa kuchomelea milango ya chuma huko Matayos, kifungua mimba wa marehemu. Alikuwa na picha ya baba yake ndani ya kitabu cha nyimbo, na alitaka programu jioni hiyohiyo. Aliketi kwenye benchi akaanza kusema, na mama akaanza kuchapa.

"Kazi ya marehemu?"

"Andika mfanyabiashara."

"Wa nini?"

"Mfanyabiashara tu, mama."

"Wa sukari na baiskeli," alisema karani kutoka pembeni, "njia za kichakani."

"Wewe mzee ulimjua?"

"Nani hakumjua? Polisi walikuwa wanamsalimia kwa jina."

Hata yule mwana alicheka, akapangusa macho. Wakaendelea. Mjane, kisha watoto wake, mmoja baada ya mwingine kwa utaratibu wa kuzaliwa, na mkono wa mama ukipanda na kushuka baada ya kila jina. Walipofika kwa wajukuu, boda boda ilisimama mlangoni kwa kelele ya breki na akashuka mwanamke kijana aliyefunga kitambaa cheusi kichwani, vumbi la barabara ya mpakani likiwa hadi kwenye nyusi zake.

"Nyabo, samahani," alimwambia mama, vile wanawake wanavyoitwa upande wa pili wa mpaka. "Wameniambia programu ya mzee inaandikwa hapa." Halafu akamwona yule mrefu, akasimama vizuri. "Kaka, jambo. Mimi ni wa Tororo. Wa nyumba ile ya pili."

Nje waendesha baiskeli walikuwa wanabishana juu ya abiria.

"Tulisikia mko," alisema yule mwana.

"Mama amenituma. Hataki kitu. Anaomba tuandikwe, tusimame na wengine. Yeye na sisi watoto wake. Basi."

Yule mwana hakuwa mtu mbaya. Nilimwona akiitafuta njia ya kutoka, kama mtu anayepapasa ukuta gizani, na nilijua ataigusa ipi kabla hajaigusa.

"Pole sana dada," alisema kwa upole. "Ungekuja asubuhi. Saa hii imeshachapwa."

Maneno yaleyale. Nilikuwa nimeyasikia tangu nikiwa mfupi kuliko meza. Sote tulimgeukia mama, na mama akaangalia vidole vyake. Safari hii havikuwa vimevimba sana.

"Majina ni ya kwenu," alisema. "Mimi siwezi kumweka mtu ndani ya boma lenu, na siwezi kumtoa. Lakini usiseme imechapwa, mwanangu. Haijachapwa. Hii hapa kwa kioo. Kuongeza mstari ni kufumba na kufumbua."

Yule mwana aliitazama kompyuta kama mtu anavyomtazama shahidi aliyemwamini na ambaye ameinuka kortini akasema kweli. Ndipo nilipoelewa ubaya halisi wa mashine ile kwa watu wengine. Haikuwapa pa kujificha.

Alifungua mdomo kujibu, na stima ikakatika.

Ilikatika na kurudi papo hapo, kupepesa tu, jinsi stima ya Busia ilivyokuwa. Taa iliwaka. Kompyuta ikafa na kuanza kufufuka: weusi, kisha mawingu.

"Si nilisema!" karani aliruka. "Mama, hiyo imemfuata marehemu!"

"Basi," alisema yule mwana, na nilisikia pumzi ikimtoka. "Mambo yamejimaliza."

Yule binti wa Tororo aliikunja mikono yake kwenye pindo la kitambaa.

Mawingu yaliondoka na mahali pake ikaja skrini ya buluu tupu yenye maneno meupe. Ilisema kwamba haikuzimwa inavyotakiwa, na kwamba sasa itajikagua yenyewe ione kama kuna kilichoharibika. Chini yake mstari wa njano ulianza kujaa, polepole mno, kama maji yanavyopanda kwenye mtungi wenye ufa.

"Yetu ya skrini nyeusi," karani alisema, "saa hii ingekuwa imeamka, imekunywa chai, imeenda sokoni."

"Nyamaza, mzee," mama alimwambia. "Inajipapasa. Hata wewe ukianguka unajipapasa kwanza."

Hakuna la kufanya ila kungoja. Viti vilikuwa vimekwisha. Karani alikuwa na kimoja, mama kimoja, mimi niliegemea ukuta. Binti akaketi mwisho wa benchi, na yule mwana mwisho mwingine. Picha ya baba yao ilikuwa mezani mbele yao, uso mkavu wa mtu ambaye mpiga picha amemkataza kucheka. Mstari wa njano ulisogea, ukasimama, ukasogea.

"Kwenu alikuwa anakuja na baiskeli?" aliuliza yule mwana mwishowe, akiutazama mstari.

"Ile nyeusi. Anaingia nayo mpaka jikoni. Anaifunga kwa nguzo."

"Anaifunga?"

"Kwa kamba ya mbuzi. Sisi tulikuwa tunamcheka. Tunamwambia, taata, baiskeli haiwezi kwenda kula majani ya watu."

Yule mwana aligeuka, mara ya kwanza, akamtazama usoni. "Kamba ya mbuzi. Ya katani? Ina fundo kubwa huku mwisho?"

"Fundo mbili. Moja imechomwa na moto."

"Ni mimi niliichoma!" Alisimama, akaketi tena. "Hiyo kamba ni yetu! Ilikuwa inapotea! Mzee akisafiri tu, kamba imepotea, mbuzi wako kwa mahindi ya jirani, na mama anatuchapa sisi. Kila mara! Anasema tumeifanyia mchezo. Mimi nimepigwa kwa ajili ya hiyo kamba mpaka nikaota ndevu!"

"Bambi, pole kaka!" Binti aliziba mdomo kwa mkono. "Na sisi akiondoka tunaitafuta kufungia ng'ombe, haiko."

"Alikuwa anatembea nayo!"

"Alikuwa anavuka nayo mpaka," alisema karani kwa heshima kubwa, "na forodha hawakuwahi kuiona."

Walicheka, ndugu hao wawili, kicheko cha watu waliofiwa, chenye maji ndani yake. Walicheka kwa namna moja, wakiinamisha kichwa upande, na mama alinitazama kuona kama nami nimeona. "Iko wapi sasa?" aliuliza yule mwana.

"Iko kwetu. Safari ya mwisho aliisahau. Imefungwa kwa nguzo mpaka leo, mama hataki iguswe."

Mimi ninayeandika hadithi nimejaribu mara nyingi kubuni kitu cha kuwakalisha watu wasiojuana kwenye benchi moja kwa muda wa kutosha. Sijapata kilicho bora kuliko ule mstari wa njano. Mashine ya haraka ingewanyima.

Ulipojaa, anga lilirudi, na vipicha vikajipanga mahali pake kama watoto baada ya kengele. Mama alifungua ile programu ya mazishi. Jina la marehemu lilikuwapo. Maisha yake yalikuwapo, na mfanyabiashara, na mjane, na watoto wote hadi kitinda mimba. Kilichopotea ni nusu ya neno, pale alipokuwa ameanza kuandika wajukuu. Mkono wa kushoto ulikuwa umesukuma gari kila mstari, na kila mstari ulikuwa salama.

"Imekaa yote?" aliuliza karani.

"Yote."

Karani akaikohoa aibu yake kidogo, akasogeza kiti aone vizuri.

Yule mwana aliangalia nafasi nyeupe chini ya jina la kitinda mimba. Hakukuwa tena na stensili ya kujaa wala stima ya kulaumu. "Mama, andika," alisema. "Nyumba ya pili. Anza na mama yao."

Mama alinyanyuka kwenye kiti chake. Sikuwahi kumwona akimpa mteja kiti kile. "Njoo dada. Mama yako utamwandika wewe."

"Mimi? Nyabo, sijui hii kitu."

"Haiumi. Bonyeza pole."

Binti aliketi. Aliandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, akitazama kioo kila mara kuona kama imefika. Jina la mama yake lilitokea taratibu juu ya weupe, na lilipokamilika mkono wa kushoto wa mama yangu ulipita juu ya bega lake, ukashuka, ukahifadhi. Kisha jina lake mwenyewe, na mkono. Kisha la kila mdogo wake, na mkono. Kompyuta ilikwaruza tumboni baada ya kila mmoja. Niliwakumbuka wale wanawake wa kwanza wenye watoto mkononi.

Printa ilipiga kelele zake, karani akaishikilia karatasi isikwame, bila kuombwa. Nakala ya kwanza yule mwana alimpa dada yake.

"Sasa hii tunazima vipi?" binti aliuliza, bado kiti ni chake.

"Bonyeza pale," mama alisema. "Start."

"Kuanza?"

"Usiulize," alisema karani. "Bonyeza tu."

Mama hakuwa na desturi ya kuhudhuria mazishi ya wateja, angeishia wapi? Lakini Jumamosi hiyo alikwenda Bukhayo na programu mkobani. Alirudi jioni na kunisimulia akivua viatu. Kwamba nyumba ya kwanza ilisomwa, ikasimama. Kwamba nyumba ya pili ilisomwa, na upande wa nyuma wa turubai wakainuka mama mmoja mfupi na watoto wake, na vichwa vyote vikageuka, na kukawa na manung'uniko kidogo, kisha yakaisha, kwa sababu majina yalikuwa kwenye karatasi iliyo mkononi mwa kila mtu.

Na kwamba baada ya kaburi kufukiwa, yule mama mfupi alifungua furushi la nguo alilokuja nalo, akamkabidhi mjane mkubwa kamba ya katani. Mjane aliipokea kwa mikono miwili. Akaipitisha vidoleni polepole, akafika kwenye fundo, akafika kwenye lile lililoungua. Akamtazama mwanawe mrefu, mwenye ndevu.

"Kumbe niliwapiga bure," alisema, na akasogea kwenye mkeka kumpa mwenzake nafasi ya kukaa.